Mhesabu Watu wa Greyville

Wengi waliomfahamu pale Greyville walimfahamu kwa kizibao cha rangi ya chungwa, kile wanachovaa walinzi wa magari, na kwa tai. Tai ilikaa ndani ya kizibao, imefungwa hadi kooni, kiangazi na kipupwe, na hata jua la Desemba liwake namna gani hakuilegeza. Wakongo wenzake walimwita Docteur na sisi wengine tukafuata. Jina lake ninalo, ila sitaliandika. Wala sitaanza na kijiji chao na babu zake, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa hayo. Ukimuuliza ametoka wapi alijibu, "Nimetoka pale kwa kona, nilikuwa nachunga gari ya madame," na habari ikaishia hapo.

Udaktari wake ulikuwa wa kuhesabu watu. Alifundisha elimu hiyo chuo kikuu kwao, mashariki ya Kongo, miaka mingi kabla vita havijamfukuza, na alipofika Durban akakuta vyeti vyake havifungui mlango wowote. Akachukua kizibao. Sisi Watanzania tulichelewa kuelewa. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu, mtu wa vitenge, alimwendea na mguu uliovimba akitaka dawa. Docteur hakumkatisha tamaa. Aliuangalia mguu, akamuuliza anaishi wapi, akamuuliza chumbani wanalala wangapi, akapiga hesabu, kisha akamwambia, "Papa, hama." Yule bwana alihama kweli, na mguu ukapona, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba Docteur si mganga.

Mimi nilikuwa msichana wa Tanga, mwaka wa pili wa takwimu, nimepanga chumba Glenwood kwa mama mmoja aliyenikataza kukaanga samaki. Mwishoni mwa miaka ya tisini hakukuwa na simu mkononi kwa mwanafunzi kama mimi. Kila Jumamosi nilikwenda Greyville kwenye duka la simu la Mkongo mmoja nipige nyumbani, na foleni yake ilikuwa inatoka mpaka barabarani. Siku moja Docteur alikuwa mbele yangu. Aliponiuliza nasoma nini nikamwambia, akageuka mzima mzima kunitazama.

"Takwimu? Bon. Alors, niambie, mu iyi foleni, ni nani haiko?"

Nilicheka. Nikamjibu kwamba siwezi kumjua asiyekuwepo.

"Voilà," akasema. "Rudia wiki ijayo na jibu."

Wiki nzima lile swali lilinikaa kichwani kama mfupa kooni. Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye kona yake nikamwambia kwamba wasiokuwepo kwenye foleni ya simu ni wale ambao nyumbani hawana tena wa kumpigia. Hakusema nimepata wala nimekosa. Aliniambia nikae juu ya kreti yake, akaenda kuninunulia chai. Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu ambaye chuo changu hakikuniandikisha kwake.

Alihesabu kila kitu. Alihesabu magari meupe yaliyosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, na magari mekundu yaliyopita bila kusimama. Kanisani kwao, badala ya kufumba macho wakati wa sala, alikuwa anahesabu vichwa. Jumapili moja mchungaji alitangaza kwa furaha umati uliohudhuria, akataja idadi ya kutisha, na Docteur akasimama katikati ya watu akamsahihisha, kwa heshima zote, akipunguza zaidi ya nusu. Mchungaji hakumsalimia mwezi mzima. Nilipomwambia angeweza kunyamaza tu, aliona ajabu kwamba nawaza hivyo. "Mungu iko na liste yake," alisema. "Sasa pasteur anamudanganya nani?"

Na mtu huyo huyo hakujua kusoma saa. Ukikubaliana naye saa nne, jiandae kwa saa tano na robo, naye angefika akihema, akitoa sababu ndefu zenye majina ya watu usiowajua. Umri wake mwenyewe ulikuwa unapanda na kushuka kutegemea siku. Aliimba besi kwenye kwaya, na wenzake walimpenda sana hivi kwamba hakuna aliyemwambia kuwa anaimba wimbo wake peke yake. Alikuwa mkali kwa vijana wa Kikongo waliokuwa wanatupa ganda la ndizi barabarani, lakini mbwa mdogo wa kizee akipita na kamba shingoni, Docteur alihamia upande wa pili wa gari. Nilimcheka kwa hilo mara nyingi. Alinivumilia.

Alichonifundisha zaidi ya vitabu vyangu vyote kilikuwa jambo moja, na alikuwa analirudia mpaka linachosha: "Mutu anahesabiwa pahali iko, hapana pahali tunapenda akuwe." Aliniambia kwamba ukimuuliza mama ana watoto wangapi, mama atakuhesabia kwa roho. Atamtaja aliye Canada, atamtaja aliyepotea, pengine hata aliyekufa. Ukitaka kujua watu walio ndani ya nyumba, unauliza nani alilala humo usiku wa kuamkia leo, basi, hapo roho haina pa kuingilia. Ninaandika haya huku nikijua kwamba niliyasikia vizuri, nikayaelewa, na nikaitikia ndiyo.

Kesi ilimfikia kupitia kioo cha gari. Mji ulikuwa unachora upya kata zake kabla ya uchaguzi wa madiwani, na kule Chatsworth kulikuwa na mitaa michache ya watu wanaojulikana kama Wazanzibari, wajukuu wa watumwa walioachiwa huru na kushushwa Durban kwa meli karne ya kumi na tisa, waliohamishiwa huko miaka ya sitini kutoka Bluff, kando ya bahari, wakaacha nyuma msikiti wao na makaburi. Mstari mpya wa kata ulipangwa kupita katikati yao, kwenye barabara iliyo chini ya msikiti wao mpya. Wa juu wangepigia kura upande mmoja, wa chini upande mwingine, na kila upande wangekuwa wachache wa kupuuzwa. Wakibaki pamoja, walidai, wanatosha: hakuna ambaye angepata udiwani pale bila kwenda kubisha hodi kwao. Walikuwa na sababu ya kutaka kubishiwa hodi. Nyuma ya nyumba zao ulipita mfereji ambao kila mvua kubwa uliingia majikoni, na walikuwa wamechoka kuandika barua.

Wakili wao alikuwa dada mmoja kijana wa hukohuko Chatsworth, aliyewatetea bila malipo. Siku moja aliegesha gari kwenye kona ya Docteur, akaacha juu ya dashibodi ripoti ya mtaalamu wa upande wa pili, ule wa mji uliochora mstari. Aliporudi alimkuta mlinzi wa gari lake ameinama kwenye kioo, shingo imepinda, anasoma karatasi iliyogeuzwa juu chini. Docteur mwenyewe alipenda sana kunisimulia kisa hicho.

"Nikamuambia, madame, samahani, iko kosa mu tableau ya pili. Akasema, weye ni nani? Nikasema, mi njo nachunga gari."

Yule dada alitaka kukasirika. Akaifungua ripoti, akajumlisha, akajumlisha tena. Siku tatu baadaye alirudi pale kona bila shida yoyote ya maegesho, akamwomba awe shahidi wao.

Kosa la jedwali la pili lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa namna yule mtaalamu alivyohesabu. Alichukua daftari la wapiga kura, akapitia majina, akayaweka upande wa Wazanzibari yale aliyoona yanafanana nao, na mengine yote akayapeleka kwa Waislamu wa Kihindi waliokuwa majirani. Matokeo yake Wazanzibari walikuwa wachache mno, kwa hiyo mstari haukumdhuru mtu. Docteur aliposoma hilo alishika kichwa. Majina ya Kiislamu yale yale yalikuwa pande zote mbili, watu walisali safu moja. Njia ya kujua, alisema, ilikuwa kwenda mlango kwa mlango. Nami nilijua Kiswahili, na wazee wa kule walikuwa bado wanacho. Ndipo akanichukua.

Alinifundisha lile swali, nani alilala humo usiku, kwenye benchi moja karibu na uwanja wa mbio za farasi. Nililirudia mara kumi, na kila mara aliniangalia mdomo. "Swali haibadilike, ma fille. Hata nukta." Tukagawana mitaa. Kwa sababu ninayoijua mimi na yeye tu, mitaa yenye mbwa ikawa yangu.

Nilikuwa nimekaa Durban mwaka na nusu. Nilikuwa nimezoea kuamkiwa kwa Kizulu na kujibu kwa Kiingereza. Sasa fikiria unabisha hodi kwenye nyumba ya matofali juu ya kilima cha Chatsworth, na kutoka ndani bibi mmoja anaitika, "Karibu, mwanangu," kwa sauti ambayo ingeweza kuwa ya barabara ya kwetu. Machozi yalinilenga pale pale mlangoni. Alikuwa amejifunza Kiswahili chake madrasa, utotoni, kwa mwalimu aliyetoka visiwani, na alikuwa anakisema polepole, akichanganya na vya hapa.

"Umetoka Tanga? Eish, mtoto wa watu, umekuja peke yako? Kaa. Kaa kwanza, hiyo karatasi itangoja."

Akaniletea chai na mandazi. Akaniuliza habari za mama yangu na nani ananisuka nywele. Mbwa wake akalala juu ya viatu vyangu. Na baada ya yote hayo mimi nitoe kalamu nimuulize mtu mzima, bibi yangu kwa haki zote, nani alilala nyumbani kwake jana usiku? Kwetu swali hilo huulizwa na polisi. Kumuuliza hivyo mtu aliyekukaribisha ni kumpekua mbele ya chai yake. Mdomo ulikataa. Nikasema, kama nilivyolelewa, "Bibi, Mungu awaweke, mna watoto wangapi katika nyumba hii?"

Akanitajia. Alimtaja binti yake aliyeolewa mitaa mitatu chini, na mwanawe anayefanya kazi Johannesburg, na mjukuu aliye kwenye meli. Niliposita, akaugonga mkono wangu kwa kidole.

"Andika wote, mwanangu. Kule Bluff, walipokuja na karatasi, mume wangu alitaja waliokuwepo tu. Mdogo wake alikuwa baharini. Tulipoletwa huku kila aliyetajwa alikuwa na mlango wake. Yeye hakuwa nao. Usimwache mtu."

Nikaandika wote. Na nyumba iliyofuata niliuliza vilevile, maana nilishaona jinsi nyuso zinavyofunguka ukiuliza kwa adabu. Nilikula mandazi Jumamosi nne mfululizo. Nilifika pia kwa yule binti aliyeolewa, mitaa mitatu chini, naye akajitaja na watoto wake, na nikaandika. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona hodari sana.

Docteur mitaa yake aliipita na tai na swali lake vilevile lilivyo. Watu walimjibu kama wanajeshi wanaoitwa majina. Jioni tulikutana kituo cha taksi, yeye na makaratasi yake machache yaliyonyooka, mimi na yangu yenye madoa ya mafuta. Alinitania kwamba nimehesabu mandazi. Fomu hatukuzilinganisha. Muda ulikuwa mfupi, wakili alikuwa anangoja, na yeye aliniamini.

Siku ya kusikilizwa, jopo la watu watatu lilikaa kwenye ukumbi wa jumuiya, na mwenyekiti wake alikuwa jaji mstaafu mwenye sauti ya taratibu. Wazee wa mtaa walijaa viti vya nyuma, wamevaa kofia zao safi. Docteur alichelewa. Nilidhani nitakufa. Alipoingia alikuwa amevaa koti la kuazima lenye mikono mirefu, na kwa mara ya kwanza niliiona tai yake yote, mpaka chini.

Na alikuwa mzuri. Jamani, alikuwa mzuri kweli. Mtaalamu wa upande wa pili alikuwa ametutangulia na mashine yake ya kutupa picha ukutani, rangi kumi na ramani. Docteur alisimama na karatasi mbili tu. Kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani, alieleza kwa nini jina halikuambii babu wa mtu alipakuliwa kwenye meli gani wala alihamishwa kutoka wapi. Alieleza nini anakijua na nini hakijui, na hicho asichokijua alikitaja mapema kabla hajaulizwa. Mwenyekiti alikuwa anaandika, anaandika. Wazee nyuma yangu walianza kunong'onezana kwa furaha. Kwa saa nzima tulikuwa tunashinda, na mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu na mfuko wa fomu mapajani, kichwa kimevimba kwa fahari.

Kisha wakili wa upande wa pili akaomba fomu mbili, akazichagua mwenyewe, akaziweka mezani bega kwa bega. Akamwomba Docteur asome. Mwanamke mmoja, jina lilelile, umri uleule, nyumba mbili. Akaomba nyingine mbili. Mwingine tena. Akaomba nyingine.

"Bwana mtaalamu," akasema, "wanawake wa mtaa huu wana miili mingapi?"

Watu wa upande wao wakacheka. Docteur hakucheka wala hakukasirika. Alizigeuza fomu, akazitazama chini, pale mwulizaji anapoandika herufi za jina lake. Zote zilikuwa zangu.

Mwenyekiti akauliza swali liliulizwaje katika nyumba hizo. Docteur akajibu kwamba swali lililochapwa ni sahihi na halingeweza kuleta majibu haya, kwamba hajui kilichotokea mlangoni, na kwamba waliouliza aliwafundisha yeye. "Kosa ni langu," akasema. Mwenyekiti akainua macho, akatazama ukumbi. Akauliza kama yupo mtu anayeweza kulieleza jopo makosa haya yameingia kwenye nyumba zipi. Yule dada wakili akageuka kunitazama. Nusu ya fomu zilikuwa safi, za Docteur, na nusu zilikuwa zangu. Kuzitenganisha ilikuwa kazi ya dakika moja kwa mtu ambaye angesimama na kusema ukweli.

Nikainamisha kichwa nikazifunga kamba za mfuko. Nilikuwa na aibu, na aibu ilinishinda nguvu. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta miaka mingi.

Uamuzi ulisomwa wiki ile ile. Mwenyekiti alisema hakutilia shaka ukweli wa shahidi. Kati ya wataalamu wawili yeye ndiye aliyejua kazi. Lakini jopo haliwezi kuegemea orodha ambayo mtu mmoja yumo mara mbili na hakuna anayejua ni wangapi wengine wako hivyo, na muda wa kuhesabu upya haupo. Kwa hiyo orodha nzima haikupewa uzito. Mstari ukapita chini ya msikiti, kama ulivyochorwa. Mlangoni mzee mmoja mwenye kofia nyeupe alimsimamisha Docteur akamwambia, kwa Kiswahili ili aelewe vizuri, "Umetuangusha." Docteur alimpa mkono na kuinamisha kichwa. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake.

Mvua za kiangazi zilipokuja mfereji ulijaa kama kawaida, ila sasa ulikuwa mpakani hasa. Diwani wa juu alisema ni wa chini na diwani wa chini alisema ni wa juu. Nilisikia kwamba maji yalifika jikoni kwa yule bibi. Sikwenda kumwona. Nilikuwa namwogopa kuliko Docteur alivyoogopa mbwa.

Fomu zilibaki chumbani kwangu, zake na zangu, kwenye ule mfuko. Jioni tatu nilikaa nazo sakafuni, nikafuta kila aliyeandikwa mara mbili, kila aliye Johannesburg na kila aliye baharini, kwa kadiri nilivyokumbuka kila mlango na kila sahani. Nikajumlisha na za Docteur. Nikarudia. Nilipopata jibu nililikunja nikaliweka ndani ya kamusi, na sikumwambia mtu, kwa sababu uamuzi ulishatoka, na kwa sababu ningelazimika kueleza nimelipataje.

Docteur alirudi kwenye kona yake asubuhi ya kesho yake baada ya uamuzi, na kizibao. Mhadhiri mmoja aliyekuwa amekuja ukumbini kumsikiliza, akizungumza habari ya kumpa vipindi, hakuonekana tena. Jumamosi nilikwenda kwa miguu mizito. Alinipisha kreti, akaninunulia chai, akaniuliza mtihani wa uwezekano ni lini. Aliniuliza mambo yote isipokuwa lile moja, Jumamosi ile na nyingine zote mpaka nilipomaliza masomo. Nilipomuaga stesheni ya mabasi alifika amechelewa, basi limeshawasha injini, akanipungia mikono yote miwili kama mtu anayesimamisha treni.

Siku hizi kazi yangu ni kuhesabu watu, huku kwetu. Nawafundisha vijana waulizaji, na wananiona mkali.

Nilimwona tena mara moja. Nilikuwa nimepelekwa Durban kwenye mkutano, mimi mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni, na mchana mmoja niliuacha mkutano nikaenda Greyville. Duka la simu lilikuwa limekuwa saluni ya binti wa Docteur. Docteur alikuwa amekaa ndani kando ya dirisha, amepungua sana, tai shingoni, miguu imefunikwa kitenge. Alinitambua kabla sijavua miwani ya jua. Binti yake akatuachia kona, akaongeza sauti ya redio ili tuzungumze.

Tulizungumza ya watu. Kisha nikaona nisiposema leo sitasema tena.

"Docteur, lile swali kule Chatsworth. Nililibadilisha mimi. Niliona haya kuwauliza."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu pale pale. Mu nyumba zangu hakuna mutu alikuwa mara mbili." Alikuwa anaitazama mikono yangu, si uso.

"Sasa kwa nini hukusema? Ungesema ni mimi, wangezichukua zako."

"Weye ulikuwa pale. Ulikuwa na kinywa." Hakusema kwa ukali. "Mi nilikuwa na haya ya kukuonesha kwa kidole mbele ya batu yote. Nilisemaka, atasimama. Atasimama sasa. Halafu président akafunga kitabu."

Nilianza kulia, mbele ya wateja, na mwanamke mmoja mwenye nywele zilizosukwa nusu akageuka kututazama. Docteur akanivuta karibu kwa mkono wa koti.

"Sikiliza, ma fille. Acha kulia. Hata ungeuliza muzuri, haingesaidia kitu. Batu balikuwa kidogo. Nilipigaka ile hesabu nyumbani, nyumba kwa nyumba, zako na zangu, mbili mara tatu. Hawakutosha. Unasikia? Hawakutosha, quand même."

Fomu zangu hakuwa nazo. Hakuwa nazo hata siku moja baada ya ukumbi ule. Zilikuwa Glenwood, chini ya kitanda changu. Hakuna hesabu aliyoweza kuipiga. Nilimtazama yule mzee aliyemsahihisha mchungaji kanisani, akinisubiri niamini, paji la uso likimtoka jasho kwa kazi ile asiyoizoea. Nikajifuta macho. Nikamwambia, "Asante, Docteur. Umenitua mzigo."

Akafurahi sana. Akamwita binti yake alete chai.

Alifariki kipupwe kilichofuata, na binti yake ndiye aliyenipigia. Sasa hakuna tena ambaye ukweli wangu utamwaibisha isipokuwa mimi, kwa hiyo nasema leo nilichopaswa kusimama na kusema siku ile, mbele ya wale wazee wenye kofia safi. Nilihesabu vizuri, mara mbili, na kila mmoja pale alipolala. Walitosha.